Chuo chenu kimetajwa mara ngapi, na nani kahesabu?

Jumapili iliyopita tulikuwa kwa dada yangu kule Rau, kuna mtori na nyama kidogo ya kuchoma, maongezi yakaangukia kwa mpwa wangu anayetafuta chuo cha kusomea masters. Kashachuja orodha yake zimebaki sehemu tatu. Shemeji akatoa simu akasema hii kazi nyepesi, akafungua ukurasa mmoja wenye vyuo na namba zake, hiki kina pepa elfu kadhaa na h-indeksi kubwa (kipimo cha kutajwa, ntakieleza chini), kile kina ndogo, akamgeuzia mtoto kioo, "Mama, si unaona mwenyewe, hiki hata hakijulikani, unaenda kufanya nini huko?" Mpwa wangu akanitazama. Mimi kazi yangu ni maktaba, miaka mingi sasa nipo kwenye maktaba ya chuo hapa Moshi na hizo namba ndo nazitafutia wahadhiri kila wakati wa kupanda vyeo unapofika, kwahiyo nikamwambia shemeji tule kwanza alafu ntaeleza. Nikaeleza mpaka jua likaenda kuzama. Haya ninayoandika ni yale yale, maana naona watu wengi wanazibeba hizi namba kama matokeo ya mpira, na wazazi wanatumia hela nyingi kwa kuzitazama.

Tuanze na chenyewe kinachohesabiwa. Mtafiti akimaliza kazi anaandika pepa, pepa inatoka kwenye jarida, na mwishoni kunakuwa na orodha ya kazi za wengine alizozitumia. Kila pepa yako inapoonekana kwenye orodha ya mtu mwingine, wewe umetajwa mara moja. Hiyo ndo saitesheni, basi. Ukijumlisha pepa zote zenye anwani ya chuo fulani unapata wingi wa tafiti zake, na ukijumlisha mara zote pepa hizo zilipotajwa unapata kile wanachokiita impakti.

Sasa hili jambo lilianza kwa ajili ya watu kama mimi, wa maktaba. Mwaka 1955 Mmarekani mmoja, Eugene Garfield, aliandika kwenye jarida la Science akipendekeza iwepo faharasa ya kuonyesha nani kamtaja nani, na mwaka 1964 ikatoka Science Citation Index, mavitabu mazito ya kufunua karatasi. Shida aliyotaka kuitatua ni kwamba ukisoma pepa ya zamani ungejuaje kama kuna mtu baadaye aliikosoa? Unaifuata kwenye faharasa, unaona nani waliitaja, unaenda kuwasoma. Yaani kilikuwa chombo cha kutafutia. Kumpimia mtu cheo au chuo hadhi kulikuja baadaye, na mimi kila nikizifungua hizo namba nakumbuka kwamba kutajwa maana yake ni kutajwa tu, awe anakusifu, anakupinga, au kakuweka tu kwenye sentensi ya kwanza ili orodha yake ijae.

Mfano mzuri tunao hapa hapa. Erasto Mpemba, mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba mkoani Tanga, alikuwa anatengeneza aiskrimu na wenzake, akaweka mchanganyiko wake kwenye friji ukiwa bado wa moto na ukaganda kabla ya ule uliokuwa umeshapoa. Akauliza, wakamcheka. Hakuacha, baadaye akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuwa ametembelea shule, Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakatoa pepa pamoja kwenye jarida la Physics Education. Wakati inatoka, Mpemba alikuwa anasoma Chuo cha Wanyamapori Mweka, hapa juu tu, njia ya kupandia mlima. Pepa ile inatajwa mpaka leo, zaidi ya miaka 50. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry ya Uingereza iliweka shindano la kuelezea kwanini maji ya moto yawahi kuganda, majibu yakaja 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili Uingereza wakachapisha kwenye jarida la Scientific Reports wakisema wamepima kwa makini na hawakuona kitu hicho. Mwaka 2020 wengine kutoka Kanada wakaonyesha kwenye jarida la Nature jambo la aina hiyo likitokea kwenye chembe ndogo sana ndani ya maji. Kwenye hesabu, yule anayesema hakuna na yule anayesema lipo kila mmoja ni moja, na wote wanaongezea pepa ile ile. Mimi siioni kama kasoro, mjadala wa miaka hamsini uliotokana na swali la mtoto wa sekondari ni kitu kikubwa sana. Ila ni lazima ujue namba imebeba nini ndani.

Alafu kuna swali la nani anahesabu. Wahesabuji wakubwa ni watatu, Web of Science ambayo ndo ukoo wa ile kazi ya Garfield, Scopus ya kampuni ya Elsevier iliyoanza 2004, na Google Scholar iliyoanza mwaka huo huo. Kila mmoja ana kapu lake. Wawili wa kwanza wana orodha ya majarida waliyoyachagua, kama jarida halimo basi pepa yako kwao haipo, na hata ukitajwa mara mia kwenye majarida yasiyomo hawaoni. Google Scholar yeye anazoa, tasnifu, ripoti, sura za vitabu, kila anachokikuta mtandaoni kinachofanana na kazi ya kitaaluma, kwahiyo namba zake karibu kila mara ni kubwa zaidi na pia zina takataka zaidi. Nimeshaona wahadhiri wawili wakibishana kwenye korido mpaka wananuniana, mmoja kachukua namba yake Google Scholar mwingine Scopus, hakuna muongo kati yao.

Na hapa ndo panapouma kwetu. Mtu aliyeandika kwa Kiswahili kwenye jarida la Kiswahili la pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au akachapisha kwenye mojawapo ya majarida mengi ya Afrika yaliyopo AJOL, ile maktaba ya mtandaoni iliyoanza 1998 na sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini, kazi yake inaweza kusomwa na walimu nchi nzima, ikatumika kwenye mitaala, na kwenye kapu kubwa ikahesabika sifuri. Ukiona chuo kina idara kubwa ya lugha, sheria, historia au maendeleo ya jamii na namba zake ni ndogo, usikimbilie kusema wamelala.

Shemeji akadaka, "Sawa, lakini h-indeksi je, hiyo si inasahihisha hayo mambo?" Nikachukua karatasi ya nyuma ya risiti. H-indeksi ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa chuo kikuu cha California pale San Diego. Unazipanga pepa za mtu kuanzia iliyotajwa sana kushuka chini, alafu unahesabu, ya kwanza imetajwa angalau mara 1? Ya pili angalau mara 2? Ya tatu angalau 3? Unaposhindwa kuendelea, hapo ulipoishia ndo h. Tuseme mhadhiri ana pepa saba zimetajwa 40, 22, 9, 6, 5, 2 na 0. Ya tano imetajwa mara 5, inapita. Ya sita ilitakiwa 6, ina 2, imekwama. H yake ni 5. Sasa chukua mtu mwenye pepa tatu, moja imetajwa mara 900 na mbili zimetajwa mara mojamoja. H yake ni 1. Pepa kama ya Mpemba, peke yake, hata itajwe mara elfu kumi inampa mtu h ya 1. Dada yangu anauza ndizi Kiboriloni, hajasoma hayo mambo, lakini alipoiona hiyo karatasi akasema kumbe huyo wa kwanza anapimwa kwa kuuza kila siku na huyu wa pili kapata siku moja ya sikukuu. Nikamwambia hapo hapo dada, umeelewa kuliko wengi.

Kwa mtu mmoja h ina maana kwa kiasi fulani. Kwa chuo kizima ni kipimo kibovu, nasema wazi, kwa sababu inakua kwa ukubwa na kwa umri na haishuki kamwe. Chuo chenye wahadhiri elfu moja kinaweza kuwa na h kubwa kuliko chenye wahadhiri mia hata kama wale mia ni hodari mara tatu. Na pepa za mwaka 1985 za maprofesa waliokwisha kustaafu bado zinaibeba h ya leo. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ilianza kupokea wanafunzi 2011, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mizizi yake ni 1961, unawalinganishaje kwa h? Ni sawa na kulinganisha mkahawa uliopandwa mwaka jana na ule alioupanda babu, alafu unasema huu wa mwaka jana hauzai.

Jambo la fani nalo, hili nilimng'ang'ania nalo shemeji kwa sababu kati ya sehemu tatu za mpwa wangu moja ni ya afya na moja ni ya ushirika na biashara. Watu wa tiba wanaandika pepa nyingi, kwa haraka, wakiwa wengi kwenye pepa moja, kila pepa ina marejeo thelathini, arobaini, hamsini. Mtu wa hisabati anaandika chache, anataja wachache. Mtu anayetafiti vyama vya ushirika wa kahawa anaweza kukaa miaka mitatu akatoa kitabu na ripoti, watu wanaojali suala hilo duniani ni wachache kuliko wanaojali kifua kikuu. Kwahiyo kumweka Chuo cha Ushirika kwenye mzani mmoja na chuo cha udaktari cha KCMC kwa jumla ya saitesheni ni kuonea watu. Kuna kipimo kinachojaribu kurekebisha, kinalinganisha pepa na nyingine za fani ile ile, mwaka ule ule na aina ile ile, ambapo 1.00 ni wastani wa dunia, ukiwa na 1.30 maana yake umetajwa asilimia 30 zaidi ya ilivyotarajiwa. Hicho ni bora zaidi. Ila nacho ni wastani, na wastani una ugonjwa wake.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Chukua chuo kidogo chenye pepa 100. 99 kati yake zimetajwa mara nne nne, hiyo ni 396. Ile ya mia moja imetajwa mara 3,000 kwa sababu mtu wao mmoja alikuwemo kwenye mradi mkubwa wa kimataifa. Jumla 3,396, wastani karibu 34 kwa pepa. Itoe hiyo moja, wastani unarudi 4. Chuo ni kile kile, watu ni wale wale, chai ya saa nne ni ile ile. Na miradi ya namna hiyo ipo kweli, mwaka 2015 wanafizikia wa CERN, kile kituo kikubwa cha utafiti wa fizikia Ulaya, walitoa pepa moja yenye waandishi 5,154, na kwa njia ya kawaida ya kuhesabu kila chuo chenye mtu humo kinajiandikia pepa nzima na saitesheni zake zote. Wapo wanaogawanya, kwamba kama vyuo ni kumi kila kimoja kinapata sehemu yake tu, na ukibadilisha njia hiyo tu mpangilio wa vyuo unabadilika. Mwaka 2010 orodha ya ubora wa vyuo ya Times Higher Education iliweka Chuo Kikuu cha Alexandria cha Misri namba 147 duniani, na kwenye kipengele cha saitesheni kikawa cha nne dunia nzima, watu wakashangaa, kumbe sehemu kubwa ilitokana na mtaalamu mmoja aliyekuwa akichapisha kwa wingi kwenye jarida alilokuwa mhariri wake mwenyewe na kujitaja humo.

Nikiwa hapo kwenye orodha za ubora, hilo hilo la "hata hakijulikani" lina jibu. Ili chuo kiingie kwenye orodha kuu ya hao Times Higher Education kinatakiwa kiwe na angalau pepa 1,000 ndani ya miaka mitano. Kinatakiwa kiwe kinafundisha shahada ya kwanza. Na kisiwe na asilimia 80 au zaidi ya tafiti zake kwenye fani moja tu. Sasa fikiria taasisi kama ya Tengeru ambayo iliundwa kwa ajili ya masters na PhD, au chuo ambacho tafiti zake karibu zote ni za afya. Wanaweza kuachwa nje na masharti kabla hata hawajapimwa. Mzazi anatafuta jina halioni, anahitimisha kwamba ni chuo cha uchochoroni.

Sasa niwaeleze kitu kinachonihusu mwenyewe, anwani. Kompyuta inajua pepa ni ya chuo gani kwa kusoma mstari mmoja chini ya majina ya waandishi. Kwa miji yetu huu mstari ni fujo. KCMC kuna hospitali, kuna chuo, kuna taasisi ya utafiti KCRI, vyote pale pale, na chuo kwa miaka kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Tumaini, mwandishi mmoja anaandika hivi mwingine vile. Chuo cha Ushirika kilianza 1963 kama chuo cha kawaida, 2004 kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine kwa jina lingine, 2014 kikawa chuo kikuu kamili kwa jina la sasa, mtu yule yule kwenye ofisi ile ile anaweza kuwa na pepa zenye majina matatu ya mwajiri. Chuo nilichowahi kufanyia kazi miaka ya nyuma kiliniambia nitoe pepa zote za chuo kwenye kanzidata, nikatoa, nikaona chache mno, nikaanza kutafuta kwa majina ya wahadhiri mmoja mmoja. Nilikuta jina la chuo limeandikwa kwa namna saba. Kuna kifupisho peke yake, kuna jina la zamani, kuna idara bila chuo, kuna waliobadilisha mpangilio wa maneno, kuna mmoja kaweka S.L.P. na Moshi basi, na kuna pepa zenye anwani ya chuo cha nje ambako mhadhiri alisomea PhD, kwa sababu alisahau kuongeza ya kwetu wakati data yote ilitoka vijiji vya Hai. Nilikaa nazo siku nne, nikatuma maombi ya kurekebisha, zikarekebishwa nyingi. Namba za chuo zikapanda kwa kiasi cha kufanya watu wapongezane kwenye kikao. Hakuna utafiti mpya hata mmoja uliokuwa umefanyika wiki ile.

Na majina ya watu nayo. Ukitafuta Mushi, Massawe, Lyimo, Swai, Shayo wenye herufi moja mbele, huku kwetu unaweza kukuta watu watano tofauti, mmoja wa mifugo, mmoja wa meno, mmoja wa uhasibu, wote wamerundikwa kwenye profaili moja. Ndo maana kuna ile namba ya utambulisho wa mtafiti, ORCID, yenye tarakimu 16, ipo tangu 2012, haina gharama, kila nikikutana na mwanafunzi wa PhD namwambia ajisajili kabla hajaandika chochote.

Ya hela ntapita haraka. Vyuo vinapanda watu vyeo kwa pointi za machapisho, majarida mengi ya wazi, yale yanayosomwa bure, yanadai malipo kutoka kwa mwandishi, mwaka 2020 kundi la majarida ya Nature lilitangaza euro 9,500 kwa pepa moja, hapo ni mshahara wa mhadhiri wa miezi mingapi? Majarida mengi makubwa yanasamehe waandishi wa nchi kama yetu, uliza kabla hujalipa. Na wapo matapeli wenye jarida la jina zuri, wanachapisha ndani ya siku tano bila mtu kusoma. Pepa za huko zinaongeza wingi wa chuo kwenye karatasi na kukiharibia heshima kwa miaka.

Hapo shemeji akauliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri. Kama ni hivyo, hizi namba si tuzitupe? Hapana. Mimi nazipenda hizi namba, nazipenda kama mlango. Nikamwambia mpwa wangu afungue pepa moja iliyotajwa sana ambayo imefanyika hapa Moshi, ilitoka 2013 kwenye jarida la PLoS Neglected Tropical Diseases, inahusu homa. Watafiti walichukua wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kwenye hospitali za KCMC na Mawenzi, mwaka 2007 na 2008, wakachukua damu na kuipima kwa kila namna. Madaktari wakati wa kulaza walikuwa wameandika malaria kwa wagonjwa 528, hiyo ni asilimia 60.7. Wenye malaria kweli iliyosababisha homa ile walikuwa 14. Asilimia 1.6. Nilimwambia asome tena kwa sauti, akasoma, kibaraza kikanyamaza.

Waliobaki walikuwa na nini? Kuna maambukizi ya bakteria kwenye damu, kuna chikungunya, na kuna kundi kubwa la magonjwa yanayotoka kwa wanyama, homa ya mgunda, brusela, homa ya Q, na homa za kupe. Kati ya waliopimwa hayo magonjwa ya wanyama zaidi ya robo walikuwa nayo, na hakuna hata mmoja ambaye daktari wakati wa kumlaza aliandika kwamba huenda ni ugonjwa wa namna hiyo. Huku kwetu ambako ng'ombe analala mita nne kutoka kitandani.

Pepa kama hiyo ikitajwa sana naelewa kwanini. Waliitaja watu wa Uganda, wa Asia, kila anayejiuliza homa isiyo malaria ni nini. Hapo saitesheni imefanya kazi yake, inakuonyesha kwamba swali lililoulizwa wodini Moshi limewasaidia watu wa mbali kuuliza la kwao. Lakini tazama pia majina yake na anwani zake, uone kazi ilifanywa na taasisi ngapi, za hapa na za nje. Kwenye tafiti za tiba wa kwanza kwa kawaida ndo aliyebeba uandishi, wa mwisho ndo kiongozi wa mradi, katikati ni wengine wote. Chuo chetu kinapojumlisha namba kinapata sifa ile ile iwe mtu wake aliongoza au alikusanya sampuli. Kwa mwanafunzi anayetafuta pa kujifunzia hiyo tofauti ni kubwa kuliko h-indeksi yoyote. Nilimwambia mpwa wangu, chukua pepa ishirini za mwisho za idara unayoitaka, hesabu ni ngapi mtu wa hapo ni wa kwanza au wa mwisho, na ni ngapi mwanafunzi wa hapo yumo. Ni kazi ya saa moja tu na simu yako.

Na kuna vitu ambavyo hata mlango huo hauvionyeshi. Ukienda upande wa Arusha, Ngarenanyuki, Maji ya Chai, kwenye miteremko ya Meru, maji yana floraidi nyingi kuliko kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, watoto wanakua na meno ya kahawia, wengine na miguu iliyopinda. Askwar Hilonga, mhadhiri wa Nelson Mandela Tengeru, alitengeneza chujio la maji linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya eneo husika, na mwaka 2015 akashinda tuzo ya kwanza kabisa ya ubunifu wa kihandisi Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Ndoo ya maji safi nyumbani kwa mtu haina orodha ya marejeo mwishoni, hakuna anayemtaja mtu anapokunywa. Chuo kikiamua kuishi kwa saitesheni tu, kazi kama hiyo inageuka kuwa kitu cha kufanya ukishamaliza "kazi halisi", na mimi hilo linanisikitisha kwa sababu hela ya kufanyia hizo tafiti inatoka kwa watu wanaokunywa hayo maji.

Jua lilikuwa limeshashuka, Kibo imefunguka kidogo upande wa juu. Shemeji alikuwa kimya, kaiweka simu mezani. Dada yangu ndo aliyesema, "Mwaka ule baba alivyoumwa." Wote tulikumbuka. Zahanati moja ilimtibu malaria mara tatu, kila mara homa inarudi, kakonda, viungo vinauma hawezi hata kushika jembe, mpaka tukampeleka kwa daktari mwingine ambaye kabla ya yote alimuuliza, mzee unafuga? Anafuga. Maziwa unachemsha? Mara nyingine. Ikaonekana brusela, akatumia dawa wiki sita, akapona, akaishi miaka mingine tisa.

"Na hao mia nane na sabini," dada akauliza, "walirudi kuambiwa walichokuwa wanaumwa?"

Mpwa wangu akageuza ile risiti upande wa pili. Alikuwa anaandaa maswali ya kumuuliza wiki ijayo mhadhiri anayetaka amsimamie, ameshaandika mawili. Akaacha nafasi juu yake, akaliandika hilo la mama yake kuwa la kwanza.